Steringi Akifa

Ijumaa, 14 Juni 2024

Mtoto wa dada yangu, mtafsiri wa muvi, anataka kumfufua roboti. Amekuja leo kwangu Kizwite, hapa Sumbawanga, na laptop, maiki na spika yake ndogo, maana kwake umeme umekatika tangu asubuhi. Kabla chai haijachemka akasema, "Shikamoo mama mdogo, nina shida ya Kiswahili." Nikadhani ni tahajia. Kumbe shida yenyewe ni mwisho wa Terminator 2.

Filamu hiyo ya James Cameron ilitoka mwaka 1991. Mwishoni wako kwenye kiwanda cha chuma. Adui ameshateketea, na roboti aliyekuwa akimlinda mtoto John anasema bado imebaki chipu moja ya kuangamizwa, nayo imo kichwani mwake. Hawezi kujiua, ndivyo alivyoundwa, kwa hiyo inabidi Sarah, mama wa mtoto, abonyeze kitufe cha kumshusha. John analia na kumwamuru asiende. Sarah anampa mkono, wanaangaliana, kisha anabonyeza. Roboti anashuka polepole ndani ya chuma kilichoyeyuka, na kitu cha mwisho kuonekana ni ngumi yenye kidole gumba juu.

Kijana alishaitafsiri kwa mdomo kwenye banda moja la video huko Laela, na watu walikasirika. Steringi hafi! Kila aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua hiyo sheria ya shujaa wa muvi. Mzee mmoja alidai arudishiwe kiingilio. Sasa kwenye toleo la kuuza kwa flashi anataka roboti, akiwa anashuka, amwambie John: usilie, hii ndiyo njia yetu ya kurudi nyumbani, tutaonana sehemu ya tatu.

"Si uongo, mama mdogo. Sehemu ya tatu ipo, na Arnold yumo."

Ipo kweli, ya mwaka 2003. Lakini roboti anayeigizwa na Arnold humo ni mwingine mwenye sura ileile, hamkumbuki John wala hakumlea. Nilipomwambia hivyo akajibu kwamba mtazamaji hajali. Mimi naamini anajali, na hasira ya yule mzee ndiyo ushahidi wangu. Angekuwa hajali angeondoka akipiga miayo.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa nimekaa na kijana tukazungumza kazi yake, na nataka niiandike ilivyo, kwa sababu watu wakisikia "imetafsiriwa" hudhani ni kama kutafsiri kitabu. Mtafsiri wa muvi anaishusha sauti ya filamu mpaka ibaki kwa mbali, halafu anaingia yeye. Anasimulia, anaigiza watu wote, wanaume kwa wanawake, anamkemea adui, anamwonya steringi asifungue mlango. Jina lake na namba yake ya simu vinapita juu ya picha. Haibi kimyakimya, anajitaja.

Sisi sikio hilo tulilipata kwa Lufufu wa Dar es Salaam. Kanda zake zilipokuwa zikiwekwa kwenye deki, watu walikuwa wanauliza kwanza kama ni ya Lufufu ndipo wanauliza ni muvi gani. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Matthias Krings, ameandika juu yake kwa heshima, na inanipendeza kwamba kuna aliyeona pale palikuwa na fani. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wanawaita ma-VJ, na katika Who Killed Captain Alex?, filamu ya Nabwana iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie imeshikana na filamu kiasi kwamba ukiitoa hubaki na filamu ileile.

Mambo haya yana umri mkubwa kuliko deki. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa sinema kwa Waafrika, makao yake Vugiri huko Usambara. Walizungusha filamu kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maelezo yalitolewa kwa lugha za wenyeji juu ya picha zilezile. Mkulima wa Kikuyu na mkulima wa Kinyanja waliona mwendo mmoja na kusikia maneno mawili.

Halafu Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994. Huku Ufipa umeme wenyewe kwa miaka mingi ulikuja kutoka Zambia, kupitia Mbala, na ulipokatika huko na sisi tulikaa gizani. Watu wa rika langu hatukuziona filamu hizi kwenye majumba ya sinema. Tulizionea kwenye banda la mabati, jenereta ikinguruma nje, tumebanana kwenye mabenchi. Nasema hivi ili nisije nikamhukumu kijana kama mtu wa mjini mkubwa. Bila watu wa kazi yake, Terminator kwangu lingekuwa pande la mtu lenye bunduki, basi.

Alhamisi, 20 Juni

Leo nimemsimulia habari za mashabiki wa Marekani, maana alifikiri ugomvi huu ni wetu peke yetu.

Mwaka 1999 George Lucas alitoa The Phantom Menace, na mashabiki wengi wa Star Wars wakamchukia mhusika mmoja anayeitwa Jar Jar Binks. Mhariri mmoja wa filamu, Mike J. Nichols, akaikata upya, akapunguza kama dakika 20, akaiita The Phantom Edit. Ikasambaa kwa kanda za kurudufiwa. Haikupita muda likatokea toleo jingine la shabiki ambamo sauti ya Jar Jar imevurugwa ikawa lugha isiyoeleweka, na chini ya picha yakawekwa maandishi mapya yanayomfanya aseme maneno ya busara. Kijana aliposikia hilo akapiga kofi mezani. "Huyo ni mtafsiri!"

Ni mtafsiri kweli. Ila mtazamaji wake alikuwa ameshaiona filamu yenyewe na anaweza kuiona tena kesho. Anacheka kwa sababu anajua kilichogeuzwa.

Kinachonikera mimi ni alichofanya Lucas mwenyewe. Katika Star Wars ya mwaka 1977, Han Solo ameketi baa na Greedo aliyetumwa kumkamata, na Han ndiye anayefyatua kwanza, chini ya meza. Mwaka 1997 Lucas akairudisha filamu majumbani mwa sinema, safari hii Greedo anafyatua kwanza na kukosa. Mwaka 2004 ikaguswa tena, na mwaka 2019 Greedo akaongezewa hata neno la kusema kabla ya kufa. Mtu anayeua kwa kupiga hesabu na mtu anayejihami ni watu wawili tofauti. Han wa kwanza ana safari ndefu ya kuwa mwema kuliko wa pili, na hadithi yake yote ni ya safari hiyo. Tena huyu ndiye Lucas aliyesimama mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1988 kuwatetea watengeneza filamu dhidi ya wenye fedha waliokuwa wakizipaka rangi filamu za zamani. Alisema vizuri sana siku hiyo. Kisha akaliondoa toleo la mwaka 1977 sokoni kadiri alivyoweza, hadi mashabiki, mmoja wao kijana wa Jamhuri ya Czech, wakakaa miaka wakiliunga upya kipande kwa kipande ili lisipotee.

Kwa hiyo kubadilisha maneno peke yake hakunitishi. Nauliza: anayesikiliza anayo njia ya kuyajua yale ya mwanzo? Marekani anayo. Laela, Mpui, Matai, Kirando, hana. Kijana wangu akisema roboti anarudi nyumbani, basi kwa mtoto wa Kirando huyo roboti amerudi nyumbani, na hakuna Terminator 2 nyingine. Mzigo wake ni mkubwa kuliko wa Nichols, na nimemwambia hivyo. Hakufurahi. Aliona kama nimemnyang'anya uhuru ambao Wamarekani wanao.

Jumamosi, 22 Juni

Baridi ya leo ni ile ya Juni yenyewe. Vijana wa jirani wamekuja na makoti na blanketi, jiko la mkaa katikati ya sebule, madirisha tumeacha wazi kidogo kwa ajili ya moshi. Kijana alitaka kujaribu Planet of the Apes ya mwaka 1968, ile ya Charlton Heston, kabla ya kuirekodi.

Walikaa kimya tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, wanafunzi wa kidato cha tatu, ambao darasani siwezi kuwapata kimya dakika kumi. Nyani wanavyomhukumu mtu mahakamani kama mnyama asiye na haki ya kusema, walikunja nyuso. Nilifurahi mno.

Kisha mwisho. Taylor anapita ufukweni juu ya farasi na yule mwanamke asiyesema. Anaona kitu mbele, anashuka, anapiga magoti majini, anawalaani watu waliofanya hivi. Kamera inarudi nyuma, na mchangani limezama hadi kifuani sanamu la mwanamke mwenye taji la miali, ameinua mwenge. Hakuna muziki. Mawimbi tu.

"Hilo sanamu la nani?" binti wa jirani akauliza.

Filamu nzima ilitundikwa kwenye kitu hicho kimoja. Mtazamaji wa Marekani akiliona Sanamu la Uhuru anaelewa mara moja kwamba hapakuwa na sayari ya mbali, kwamba Taylor alikuwa duniani siku zote, na binadamu waliiangamiza dunia yao kwa mabomu yao. Binti wa jirani yangu ana akili kuliko wengi niliowafundisha, lakini ameliona jimama la mawe. Lingekuwa Sanamu la Askari, lile la pale Posta Dar es Salaam, limezama mchangani na bunduki yake, hapo asingeuliza, angelia.

Kijana alikuwa amenyamaza kwa kuiheshimu filamu, kwa vile hapo haina maneno. Tukakubaliana kwamba heshima hiyo imemnyima mtazamaji filamu. Lazima kusemwe neno ambalo mwandishi hakuandika. Akapendekeza: "Hili ni Sanamu la Uhuru, lipo New York, Marekani! Kumbe siku zote alikuwa hapahapa duniani, na watu wameimaliza dunia kwa mabomu!" Kwa sauti yake ya kishindo.

Nimefikiri jioni nzima. Hapana. Akisema hivyo atakuwa amemfanyia mtazamaji kazi ambayo mtazamaji alitakiwa aifanye mwenyewe, na mawimbi yatakuwa yamezimwa. Maneno yaongezwe, ila yaongezwe mwanzo. Filamu inapofunguka Taylor ndiye pekee aliye macho kwenye chombo, anavuta sigara na kuzungumza kuhusu dunia aliyoiacha. Hapo ndipo mtafsiri apenyeze, kwa sauti ya kawaida kabisa: wameondoka Marekani, kwenye ile nchi yenye sanamu la mwanamke aliyeinua mwenge pale bandarini New York. Sisi mwenge tunaujua, kila mwaka unapita kwenye wilaya zetu, hakuna atakayesahau mwanamke aliyeshika mwenge. Halafu anyamaze saa nzima na nusu asilitaje tena. Mwishoni asiseme kitu.

Nilimpigia simu usiku huu huu kumweleza. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mama mdogo, hiyo ni kali."

Jumanne, 25 Juni

Amenikuta shambani Pito tukipukuchua mahindi, akanisaidia mpaka jua lilipozama. Nilimweleza kuhusu Blade Runner ya Ridley Scott, mwaka 1982: wenye fedha waliogopa watu hawataielewa, wakamfanya Harrison Ford asome masimulizi juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Toleo la mwaka 1992 likayatoa, na lile la mwisho la 2007 halinayo pia. Kijana akafurahi kusikia kwamba hata Hollywood waliwahi kuhitaji mtafsiri. Ninachotaka akumbuke ni kosa la masimulizi yale. Yalikuwa yakimweleza mtu kitu ambacho jicho lake limeshaona. Wa kwetu wana tabia hiyohiyo: steringi anapanda gari, na mtafsiri anasema, "Sasa anapanda gari."

Jumamosi, 29 Juni

Godzilla. Nilijua tutagombana, na tumegombana.

Alikuwa amepata nakala ya Godzilla ya zamani, nyeusi na nyeupe, yenye mwandishi wa habari wa Kimarekani anayesimulia. Hilo ni toleo la Marekani la mwaka 1956. Nikamwambia kabla hujatafsiri, ujue kwamba unachotaka kukitafsiri kimeshabadilishwa maneno na mtu mwingine, na kwa nini.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, katika Pasifiki. Meli ya wavuvi wa jodari wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa mbali, nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari, na bado majivu meupe yaliwanyeshea mabaharia wote 23. Aikichi Kuboyama, mtu wa redio wa meli, alikufa Septemba. Novemba mwaka huohuo Ishirō Honda akatoa Gojira: dude la kale linaloamshwa na majaribio ya mabomu ya haidrojeni, linatoka baharini na kuuchoma mji wa Tokyo. Mwanzoni kabisa mwa filamu kuna meli inayoungua kwa mwanga wa ghafla. Mjapani aliyeketi kwenye kiti chake mwaka ule hakuhitaji kuambiwa ni meli gani.

Baadaye Wamarekani wakainunua, wakakata, wakamwingiza mwigizaji wao Raymond Burr kama mwandishi aliyekuwepo Tokyo kwa bahati, wakaweka sauti za Kiingereza. Mengi yaliyosemwa humo juu ya mabomu yakapungua au yakapotea. Mwisho wa filamu ya Honda, Profesa Yamane anasema kwamba haamini huyu alikuwa Gojira wa mwisho, na kwamba majaribio yakiendelea atatokea mwingine mahali pengine duniani. Kwenye toleo la Marekani sauti inayofunga ni ya Burr, nayo inasema hatari imekwisha na dunia inaweza kuishi tena. Picha ni zilezile za bahari. Kwa maneno machache, onyo limegeuzwa kuwa faraja, na aliyeligeuza ni mtu wa nchi iliyolipua bomu. Wamarekani wa kawaida hawakuiona filamu ya Honda kwenye majumba yao kwa upana mpaka mwaka 2004.

Hapo kijana akaniuliza kwa ukali kidogo: "Sasa hiyo ina tofauti gani na mimi na roboti wangu?" Akaona kwamba amejijibu. Akatoka nje, akakaa barazani na simu yake. Sikumfuata.

Usiku nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Planet of the Apes inaisha na mabomu. Godzilla inaanza na bomu. Terminator, zote mbili, ni habari za vita vya nyuklia. Katika ya pili siku yenyewe imetajwa, 29 Agosti 1997. Filamu hizi tunaziweka kwenye fungu moja na za ngumi na risasi, lakini waliozitengeneza walikuwa na hofu ya kitu kimoja. Na hofu hiyo ilikuwa yetu pia. Tarehe 22 Mei 1984 Mwalimu Nyerere, pamoja na Indira Gandhi, Olof Palme, Raúl Alfonsín, Miguel de la Madrid na Andreas Papandreou, walitoa tamko wakizitaka nchi zenye silaha za nyuklia zisimamishe majaribio na utengenezaji wa silaha hizo. Terminator ya kwanza ikaingia sinema Oktoba mwaka huohuo. Tamko lile lilisema mambo yaleyale ambayo Sarah Connor anayapigia kelele. Mtoto wa Ufipa hana sababu ya kuambiwa kwamba hayo ni ya Wazungu.

Jumatano, 3 Julai

Shule zimefunguliwa Jumatatu, sina muda. Ila kijana amerudi na hoja nzuri na lazima niiandike.

Anasema bibi yetu alipokuwa akitusimulia ngano kule Mpui, hakuna usiku alioisimulia ngano moja sawasawa. Sungura aliponea mtoni leo, kesho akaponea kwenye kichuguu. Hakuna aliyemwambia bibi kwamba ameharibu. Kwa nini yeye afungwe?

Ni kweli, na wapo walioliona hilo kabla yetu. Mwingereza Roy Willis alikusanya hadithi za Kifipa miaka ya sitini, akazichapisha mwaka 1978, na msimuliaji katika kitabu chake si kinanda kinachopiga wimbo uleule. Anajitia humo. Naipenda hoja ya kijana kwa sababu inamweka yeye kwenye ukoo wa bibi, wala si kwenye ukoo wa wezi wa kanda.

Lakini bibi alikuwa akitoa kila kitu, sura, sauti na mwisho, kwa hiyo alipobadilisha kimoja vingine vilimfuata. Mtafsiri anatoa sauti tu. Uso wa John unabaki umelowa machozi. Sarah anabaki na jicho lile la mtu anayemheshimu aliyekuwa adui yake. Ukisema roboti anakwenda kupumzika, yule mtoto anamlilia nani? Watazamaji wa Laela watayaona machozi, watasikia habari njema, na watamwona John mpumbavu. Umemwokoa roboti, umemwangusha mtoto. Nimemwandikia haya kwenye karatasi maana kwa simu tunagombana.

La sheria nimelitaja kwa ufupi kwa kuwa halina utata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kutafsiri na haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa. Kijana hana ruhusa ya Cameron, na sitajifanya anayo. Mwaka 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa holela, na walikuwa na haki ya kulalamika. Siku moja mtu wa kutoka COSOTA, wanaosimamia hakimiliki, atafika Sumbawanga, na natamani siku hiyo akute kazi ambayo mtu anaweza kuiombea ruhusa bila aibu, maana hiyo ndiyo njia iliyobaki kwake kama anataka kuzeeka katika kazi hii.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Mji uko shwari, maduka mengi yamefungwa. Tumerekodi kutwa nzima chumbani kwangu, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi.

Roboti anakufa. Kijana ameshusha sauti yake kabisa pale, anatafsiri maneno machache tu ya kuagana, na kwa mara ya kwanza nimesikia mtafsiri akimwachia mtoto alie. Baada ya picha kuisha, majina yakipanda, anaongea kama yeye mwenyewe, kwa jina lake, anawaambia watazamaji kwamba ipo sehemu ya tatu na atawaletea. Hapo hakuna aliyetiwa maneno mdomoni. Nimeridhika.

Utani wake nimeuacha wote. Roboti anapotokea mtupu usiku kwenye ile baa ya waendesha pikipiki, kijana anasema baridi hii ingekuwa ya milima ya Mbizi angeomba blanketi kwanza. Adui wa chuma cha majimaji, aliyevaa sare za polisi, amempa jina la Afande. Kuna wa kusema hilo halimo. Cameron ndiye aliyemvisha sare, na kwa makusudi, kwa hiyo Afande ni jina linalotoka ndani ya filamu.

Tulikwama kwa Sarah. Iko sehemu, nyumbani kwa Dyson, yule mhandisi Mweusi ambaye kazi yake ndiyo itakayozaa mashine za kuangamiza watu. Dyson anauliza wangejuaje. Sarah anamlipukia: watu kama wewe ndio mliotengeneza bomu la haidrojeni, mnajiona waumbaji, hamjui maana ya kuumba uhai, kuusikia ukikua ndani yako. Kijana alikuwa ameiruka yote. Badala yake Sarah anasema, "Tafadhali, tusaidie." Sababu zake: ni maneno mengi, hakuna risasi, watu watatoka nje kununua maandazi.

Nikamwonyesha uso wa Linda Hamilton, anayemwigiza Sarah, pale. Nikamwambia aniambie kama huyo ni mtu anayesema tafadhali. Tukarudisha, tukatazama bila sauti, tukarudisha tena. Meno yamekaza, mshipa wa shingo umesimama. Akakubali kwamba hapana. Akasema na wanawake wanaokuja bandani ni wachache, ila wanaokuja huwa wanakaa mbele.

Tumeanza kuiandika upya kwa Kiswahili, mimi kwa kalamu, yeye kwa saa ya kupimia sekunde, maana maneno lazima yaishe John anapoingilia kati kumtuliza mama yake. Yangu yalizidi. Nimepunguza yale ya watu kujiona waumbaji. Akataka nipunguze na bomu, kwamba watazamaji wameshalisikia mwanzoni. Nimekataa. Anasema atalisoma haraka. Nimemwambia alisome polepole, aharakishe yaliyotangulia, na kesho jioni baada ya vipindi nitakuwepo akilirekodi.